Vipande vya Forosadi Visivyo na Unga

Forosadi na nathi Memsab aliziita matunda ya majira ya joto, na hatukumbishia, ingawa Nakuru ninayoijua mimi haina majira ya namna hiyo. Ina mvua na ina vumbi, basi. Kwao Ulaya, alituambia, kulikuwa na wiki chache tu za jua zuri, na watoto waliingia msituni na vikapu wakarudi midomo imekuwa myeusi. Hapa mforosadi uliokuwa nyuma ya banda la kuku ulizaa ulipotaka wenyewe, na mwaka ule ulizaa mvua za kwanza zilipoanza, ikawa karibu sana na Pasaka yake. Nathi nazo, vile vitunda vya manjano vinavyovaa ganda jembamba kama karatasi, zilijiotea tu kando ya ua bila kupandwa na mtu.

Mimi nilikuwa mke wa mpishi wake. Tulikaa chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba kubwa, kwenye mteremko wa Menengai, na mtoto wetu mchanga. Kazi yangu ilikuwa kufua, kulisha kuku na kumsaidia mume wangu jikoni kazi inapozidi. Memsab alikuwa mjane. Alifika nchini baada ya vita vya Wazungu, peke yake, na ndugu zake wote walikuwa wameishia huko. Alikuwa Myahudi. Mimi kabla yake nilidhani Wayahudi wako kwenye Biblia tu, kama Wafarisayo, na siku mume wangu aliponiambia kwamba huyu ni mmoja wao nilimchungulia dirishani asubuhi nzima nione ana nini. Hakuwa na kitu. Alikuwa mama mfupi mwenye miguu iliyovimba, anayeongea na kuku wake.

Pasaka yao si kama yetu. Kwa siku nane mtu hali chochote cha nafaka: mkate, biskuti, makaroni, uji, hata bia. Na si kutokula tu. Nafaka yake haitakiwi hata kuwepo ndani ya nyumba. Tulifagia mpaka nyufa za sakafu, tukapangusa kabati kwa unyoya wa kuku tukitafuta chembe za mkate, na vyungu vya mwaka mzima vikafungiwa stoo, vikatolewa vingine vilivyokuwa vikingoja juu ya dari. Mume wangu aliipenda shughuli hiyo kuliko Krismasi. Mimi nilimwambia kama angekuwa anafagia kwetu hivyo ningenenepa.

Sasa, keki bila unga inaokwaje? Hilo ndilo lilikuwa jambo la mume wangu la kujivunia. Lozi zilinunuliwa duka la Mhindi mjini. Nilizimwagia maji ya moto nikazimenya moja moja, ngozi ikitoka kama soksi, nikazitwanga kwenye kinu ambacho hakijawahi kuguswa na punje ya mahindi. Nazi kavu iliyokuja na treni kutoka Mombasa aliikwaruza kwa kipande cha bati alichokitoboa mwenyewe kwa msumari. Mayai tulikuwa nayo tele. Asali ilitoka kwa watu wa msitu wa Mau, ikiwa na nta na nyuki wawili watatu ndani, naye aliichuja kwa kitambaa. Forosadi na nathi tuliziponda, tukazichemsha kidogo mpaka zikawa nzito, na siku nzima mikono yangu ilikuwa zambarau kana kwamba nimeua mtu.

Alitandaza nusu ya lozi na nazi kwenye trei, akamwaga matunda, akafunika kwa nusu nyingine, akaiingiza kwenye jiko la kuni. Kisha ndipo shida ilipoanza, maana kitu kisicho na unga hakina cha kukishikilia. Ukikikata kikiwa moto kinamwagika, ukingoja mno kinakuwa kigumu cha kuvunja jino. Mume wangu aligusa ukingo wa trei kwa kidole, akasikiliza kama daktari, akasema, “Bado.” Nikimwambia tukate, anasema, “Bado, Mama Mtoto, wacha haraka.” Alipokata, vipande vilitoka virefu, vya ukubwa wa vidole viwili, na mstari mweusi wa forosadi katikati, na hakuna hata kimoja kilichovunjika. Alinipa kile cha pembeni kilichoungua. Nimekula vitu vingi tangu hapo, na sijala kingine kama kile.

Lakini kulikuwa na jambo jingine la sikukuu hiyo, na ndilo lililotumaliza.

Nafaka ya nyumba huwezi kuitupa yote, ni mali. Kwa desturi yao, mtu huikabidhi kwa jirani asiye wa dini yao, inakuwa ya huyo jirani kweli kweli mpaka sikukuu iishe, kisha anairudisha. Baba yake Memsab, huko kwao, alimkabidhi mwoka mikate wa mtaani. Memsab alimkabidhi mume wangu. Kila mwaka alifanya hivyo, na kila kitu kilihamishiwa chumbani kwetu: unga wa ngano, shayiri, biskuti kwenye debe, chupa moja ya wiski, hata gunia la mahindi ya kuku. Kuku wenyewe walikula majani siku zote nane wakitulaumu.

Miaka ya mwanzo tulicheka. Mume wangu alikaa juu ya gunia na kujiita tajiri, akaniuliza kama niko tayari kuolewa na mtu mwenye stoo. Lakini mwaka ninaousimulia ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari, na sisi tulikuwa Wakikuyu. Wenzetu wa Kabazi na Subukia wengi walikwisha kupakiwa kwenye malori na kupelekwa rizavu, ile nchi waliyotengewa Wakikuyu, na sisi tulibaki kwa sababu Memsab alikwenda mjini kugombana kwa ajili yetu. Posho wafanyakazi walipimiwa kidogo kidogo, kusudi isibaki ya kupelekwa kwa watu wa msituni waliokuwa wakipigana na serikali. Mkikuyu kukutwa na gunia zima la mahindi chini ya kitanda lilikuwa jambo la kumpoteza mtu.

Nilimwambia. Nilimwambia waziwazi, huku nanyonyesha, “Baba Mtoto, hii gunia italetea sisi maneno.”

“Ni siku nane tu.”

“Mwambie afungie stoo yake. Ikae huko.”

“Stoo ni nyumba yake. Mwaka huu tu nianze kumwambia dini yake inasumbua?”

Memsab naye aliogopa, sitamsingizia. Alisimama mlangoni kwetu na kitambaa cha kichwa mkononi, akasema mwaka huu labda waache, labda mahindi yatupwe mtoni. Mume wangu ndiye aliyekataa. Alisema mahindi hayatupwi, na kwamba yeye hana neno na serikali, kipande chake, kile cheti cha kazi, ni safi, kila afisa anayepita barabara ile amewahi kula chakula chake. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba ukifanya kazi yako vizuri watu watakuona. Ugonjwa huo sikuwahi kuupata mimi.

Basi wakafanya kama kila mwaka. Memsab akamnyooshea kitambaa, mume wangu akakishika upande mmoja na kukiinua, na hapo makabidhiano yakawa yamekamilika. Halafu akamwuliza, kama alivyomwuliza siku zote, kwa Kiswahili chake cha jikoni:

“Mpishi, hii unga yote ni ya nani?”

“Ni yangu, Memsab.”

“Si yangu kidogo?”

“Hata kidogo. Mtu akiuliza mimi, nasema ni yangu.”

“Kama iko yangu, sikukuu nakwisha haribika. Nafahamu?”

“Nafahamu, Memsab.”

Usiku huo walikuja wageni wachache wa dini yake kutoka mjini. Waliimba, wakala, wakafika kwenye vipande vya forosadi. Mume wangu aliniambia kwamba mzee mmoja alipokionja alifunika macho kwa mkono, na Memsab akacheka na kulia pamoja. Alifurahi sana kunisimulia hilo. Alilala haraka, na gunia lilikuwa chini yetu.

Askari walikuja asubuhi, Memsab akiwa amekwenda kwenye nyumba yao ya sala mjini. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu siku hiyo dini yake haimruhusu kupanda gari, na kwa miguu ile ilikuwa safari. Walikuwa wanapita shamba kwa shamba, sijui walimtafuta nani. Hawakuwa wakali mwanzoni. Mmoja alimwamkia mume wangu, akamwuliza habari ya kuku. Kisha wakainua kitanda.

Walitoa vitu kimoja kimoja mpaka nje, wakavipanga kwenye nyasi. Gunia la mahindi. Unga. Debe la biskuti. Walipofika kwenye wiski wakaangaliana.

“Hii unga ni ya nani?” aliuliza mkubwa wao.

Mimi nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimtazama mume wangu kwa macho yangu yote. Nilitaka aseme, ni ya Memsab, ngojeni arudi mumwulize. Ilikuwa rahisi hivyo. Hata haikuwa uongo mkubwa. Yeye alitazama nyumba kubwa, mlango umefungwa, na nikaona anafikiri, na nikajua anachofikiri, kwa sababu nilimjua. Alikuwa ameulizwa swali lile lile jana.

“Ni yangu,” akasema.

“Yote?”

“Yote, afande. Kwa sasa ni yangu.”

Kwa sasa! Hata leo nikikumbuka neno hilo nataka kumshika mabega nimtikise. Walimwuliza anampelekea nani msituni, akasema hakuna mtu. Walimwuliza mpishi anapata wapi chakula cha watu ishirini, akasema alipewa. Na nani? Akarudia tu kwamba ni yake. Nilipiga kelele kwamba ni ya Memsab, ni desturi yao, jamani, ni kitambaa tu waliinua, na askari mmoja akaniambia ninyamaze kabla sijaongezwa kwenye gari. Nilijisikia nikieleza, na niliona mwenyewe jinsi inavyosikika. Eti mama Mzungu amempa Mkikuyu mahindi yake yote kwa siku nane kwa sababu ya Mungu. Hata mimi nisingeamini.

Walimpandisha na mahindi yake.

Memsab aliporudi nilikuwa bado nimekaa kwenye nyasi. Nilimweleza. Hakukaa chini, hakunywa maji. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo wa gari, akaliwasha siku ambayo haruhusiwi hata kuwasha taa, akaniambia panda. Njia nzima alirudia rudia neno moja la lugha yao, nisilolijua.

Kituoni alipita ofisini, nikaachwa barazani. Afisa alikuwa kijana wa Kizungu. Waliongea Kiingereza, na askari aliyekuwa mlangoni, Mluhya mmoja mcheshi, akawa ananitafsiria kama mtu anayesimulia mpira.

“Memsab yako anasema unga ni yake.”

“Ndiyo,” nikasema. “Mwambie ni kweli.”

“Anasema yote ni yake, hakumpatia mtu. Sasa afisa anasema, lakini boi mwenyewe amesema ni yake. Ameandika.” Akasikiliza. “Anamwambia mama, wewe una roho nzuri, lakini hawa watu wanakudanganya, wewe rudi nyumbani.”

Nilimsikia Memsab akipandisha sauti. Nilimsikia akisema neno moja la Kiingereza nililolijua, yangu, yangu, yangu, akipiga meza. Nami nilikuwa najua neno hilo linamgharimu nini. Alikuwa ametoka nchi iliyomnyang’anya kila kitu, na sikukuu hii ndiyo kitu kimoja alichotoka nacho, na sasa alikuwa anaivunja kwa mikono yake mbele ya kijana mwenye masharubu mapya. Alivunja, na haikusaidia kitu. Alipotoka alikuwa na uso wa kijivu.

“Mimi nasema iko yangu,” aliniambia kwenye gari. “Sasa mimi nakula mkate siku nane yote, hata kama mimi hapana gusa.”

Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote viwili, kwa wakati mmoja. Sijui kama Mungu ana mahali pa kuweka kitu kama hicho.

Kesho yake tulirudi na vipande vya forosadi vilivyobaki, vimefungwa kwenye kitambaa kile kile cha kichwa. Hawakuturuhusu kumwona. Niliomba basi apewe chakula tu, na nikamwomba yule askari Mluhya amwambie neno moja, kwamba Memsab amekwisha sema unga ni wake. Hakuwa mcheshi siku hiyo, kwa sababu mkubwa wake alikuwa karibu. Alifungua kitambaa na kuanza kuvunja vipande kimoja kimoja akitafuta kilichofichwa ndani. Kitu kisicho na unga hakihitaji nguvu kukivunja. Mume wangu alikuwa amengoja jikoni kwa kidole chake ili visivunjike, na sasa vilikuwa chembe na madoa ya zambarau juu ya meza ya kituo. Askari alipangusa mkono kwenye suruali akasema, “Hakuna kitu. Peleka nyumbani, mama. Mtu wenu amekwisha ondoka na lori ya asubuhi.”

Kuondoka kwenda wapi, hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kusema. Memsab aliuliza Nakuru, aliuliza Gilgil, aliandika mpaka Nairobi. Waliacha kumjibu. Halafu zamu yangu ikafika. Mke wa mtu aliyeshikwa na mahindi haachwi juu ya Menengai. Nilipakiwa na mtoto kwenye lori kupelekwa rizavu, nchi ya mababu ambayo sikuwahi kuikanyaga, maana nilizaliwa shambani Subukia. Memsab alisimama njiani akanipa debe lililojaa lozi zilizobaki. Sikujua nizifanyie nini. Tulizila njiani, mimi na wanawake niliokuwa nao, bila kuzimenya. Baadaye nilisikia aliuza kuku, akauza nyumba, akaenda zake.

Rizavu tulijenga vibanda vya nyasi ndani ya uzio, tukachimba mtaro wa kutuzingira kwa amri ya Wazungu, tukaomba kibali cha kwenda kuteka maji. Mtoto alikohoa mwaka mzima. Nilimngoja mume wangu kwa namna ya kijinga. Kila watu walipofunguliwa nilikwenda barabarani kuwatazama nyuso, na jioni nikarudi kupika kwa ajili ya wawili. Mama mkwe wangu, niliyemkuta huko rizavu, alikuwa haniulizi tena habari za mwanawe.

Mwishoni mwa miaka hiyo alikuja mtu. Alikuwa mwembamba, ana kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali, na alikuwa akiuliza nyumba ya mke wa mpishi. Nikajua kabla hajakaa. Nilimpa uji, akaushika bila kunywa. Aliniambia walikaa kambi moja, walilala ubao kwa ubao, na kwamba mume wangu alikufa kwa homa ya matumbo mvua zilizopita, na wengine wengi naye. Alisema hakuteseka sana mwishoni. Wote husema hivyo.

Kisha akasema, “Mama, mzee wako alikuwa mtu mgumu sana.”

“Mgumu wa nini? Hakuwahi kugombana na mtu.”

“Hiyo maneno ya unga. Kila wakimwita kumhoji wanamwuliza, unga ilikuwa ya nani? Anasema yangu. Wanampiga. Wanamwambia, sema ilikuwa ya yule mama Mzungu, sema ulimwibia, sema chochote, utaenda nyumbani. Sisi wenyewe tulimwomba. Tulimwambia, wewe mjinga, sisi hapa tunakubali hata vitu hatujafanya, wewe neno moja linakushinda? Anasema hapana. Anasema alishika kitambaa, na bado hajamrudishia. Akisema ni ya yule mama atakuwa amemharibia sikukuu yake.”

Aliinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia kwa sauti ya kutisha kuku.

Nilipoweza kusema nilimwuliza jambo moja tu. Nilimwuliza kama kuna mtu yeyote, askari, afisa, mfungwa mwenzake, aliyewahi kumwambia mume wangu kwamba Memsab alikwisha kusema unga ni wake. Kwamba alikwenda na gari siku ile ile waliyomchukua, akapiga meza, na sikukuu ikavunjika kabla ya jua kuzama.

Akaweka kikombe chini.

“Hapana, mama,” akasema. “Hiyo hata mimi naisikia leo.”